Pembea za Uingereza ninazozirudia hata wasipojenga kitu kipya

Assalam alaykum wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo sina pembea mpya ya kukuonyesheni. Kila ikikaribia Machi mnaniandikia, "Dada, mwaka huu wamefungua nini, tuwapeleke wapi watoto?" Nami kila mwaka hukimbilia hiyo mipya pamoja nanyi. Mwaka juzi tulikwenda mahali, jina sitolitaja, kuna rola kosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka vilima kwa kasi, ndiyo kwanza imefunguliwa. Tukapanga foleni saa mbili na nusu. Tumebakiwa na watu kama ishirini mbele yetu, ikaharibika. Mwanangu alikaa kwenye gari mpaka nyumbani bila ya kusema neno, na mimi nikawa najiuliza: hivi ni wapi ambako hata wasipoongeza msumari mmoja, nitafunga safari nirudi?

Nimepata viwanja vitatu. Havilingani, na sitokwambieni vinalingana. Blackpool ndiyo penzi langu, basi nisameheni nikikaa hapo zaidi.

Blackpool Pleasure Beach ipo tangu 1896, imekaa ufukweni kabisa, kaskazini magharibi ya Uingereza. Sisi tuliokulia Unguja, sikukuu tukivishwa nguo mpya tunapelekwa Mnazi Mmoja kwenye pembea, upepo wa bahari unakupiga usoni na mkononi una shilingi zako za mkono wa Idi. Mara ya kwanza kushuka Blackpool nilisimama pale mlangoni nikavuta pumzi, nikasema, hapa napajua.

Sasa nendeni moja kwa moja Grand National. Hii ni rola kosta ya mbao, ya 1935, na imeitwa kwa jina la yale mashindano makubwa ya farasi. Treni mbili zinaondoka pamoja, bega kwa bega, zinashindana. Mara ya kwanza mimi na mwanangu tuligawana: yeye treni ya kushoto, mimi ya kulia. Tunapanda kilima sambamba, namwona ananipungia mkono, tunashuka, ananipita, nampita. Tunarudi kituoni, namtafuta upande wa kushoto, simwoni. Yuko kulia! Kushoto nimekuja mimi! Akapiga kelele, "Mama, wametubadilisha!"

Siri yake ni kwamba reli hazikuwa mbili hata kidogo. Ni reli moja ndefu inayozunguka mara mbili. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe nusu, gundisha ncha zake, halafu tembeza kidole: utapita pande zote mbili bila ya kunyanyua kidole. Ndivyo walivyoijenga, na pembea za namna hiyo zilizobaki duniani unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwanangu tulipofika nyumbani alikata karatasi akaenda nayo skuli.

Na mbao, ndugu zangu, ina maisha yake. Asubuhi grisi imeganda, magurudumu ya baridi, treni inakwenda kwa uvivu. Njooni alasiri, imeshapiga mizunguko mingi, vyuma vimepata moto: inakimbia vyengine kabisa, na mbao zinalia kama jahazi lililobeba mzigo. Mimi huipanda mara mbili kwa siku kwa sababu hiyo, na huwa ni pembea mbili. Mwenye matatizo ya mgongo au shingo asiipande, namwambia wazi, inatikisa.

Karibu na hapo kuna pembea ya Sir Hiram Maxim, ya 1904. Ni nguzo kubwa ya katikati yenye mikono, vyombo vya abiria vimening'inia kwa nyaya, inapozunguka vinasukumwa nje mpaka unajiona unaruka. Alikuwa anaota kutengeneza ndege, akaona watu wataionja raha ya kuruka huku yeye akipata fedha za majaribio yake. Alitaka abiria waweze wenyewe kupanda na kushuka angani kwa mbawa, akakataliwa kwa ajili ya usalama.

Lakini jina Maxim sisi tunalijua kwa jambo jengine. Ndiye aliyebuni bombomu, ile bunduki inayomimina risasi mfululizo. Bunduki za namna hiyo ndizo zilizowaangusha wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge, Agosti 1905, mwaka mmoja tu baada ya pembea hii kuanza kuzunguka. Nilimweleza mwanangu tukiwa kwenye foleni. Alinyamaza, kisha akauliza kama waliokuwa wakiipanda wakati ule walikuwa wanajua. Tuliipanda. Bahari inaonekana kule, watoto wanacheka, na mimi nilikuwa na Mahenge moyoni. Nadhani ni haki watoto wetu wayajue yote mawili.

Ile rola kosta kubwa mnayoiona kwenye kila picha ya Blackpool, Big One, mita 65 kwenda juu, nendeni kwa kuangalia bahari. Kwa urefu iliongoza Uingereza tangu 1994, na 2024 Hyperia, ya kiwanja chengine kiitwacho Thorpe Park, ikaipita, mita 72. Urefu ndivyo ulivyo, daima atakuja mwengine akupite.

Na hapo ndipo ninapowaleta Alton Towers, Staffordshire. Rola kosta yao ya Nemesis haifiki hata mita 14 juu ya ardhi, na mimi naiweka mbele ya zote hizo ndefu. Kule haikuruhusiwa kujenga kitu kitakachotokeza juu ya miti. Basi mbunifu wake, John Wardley, na wenzake wakashuka chini badala ya kupanda: wakapasua mwamba kwa baruti, wakachimba, wakaipitisha reli ndani ya korongo. Viti vinaning'inia chini ya reli, miguu inaelea, na ilipofunguliwa 1994 ilikuwa ya kwanza ya aina yake Ulaya. Unapopita, jiwe liko hapo hapo kwenye nyayo zako, na chini kuna maji yaliyotiwa rangi nyekundu kama damu. Kwa sababu huoni mbali, mwendo wa kilomita 81 kwa saa unauhisi kama mara mbili yake.

Novemba 2022 waliifunga. Waling'oa sehemu kubwa ya reli kwa vile ilikuwa imezeeka, wakaweka mpya, na Machi 2024 ikarudi kwa jina la Nemesis Reborn. Walikuwa na nafasi ya kubadilisha kila kitu. Mapito wakayaacha yale yale, kona kwa kona. Waliijua thamani ya walichonacho, na mimi nawashukuru kwa hilo.

Wengi wenu mkifika Alton Towers hamteremki kwenye bustani za bondeni. Tafadhali teremkeni! Alizianzisha Earl wa 15 wa Shrewsbury, bwana mkubwa mwenye cheo cha kurithi, mwanzoni mwa karne ya 19, palipokuwa nyika tupu, na mnara wake wa kumbukumbu umeandikwa kwamba aliifanya nyika itabasamu. Kuna jumba dogo la Kichina limesimama ndani ya maji na chemchemi inaruka. Hakuna foleni. Mimi hupakua chakula changu huko, chapati na kuku niliotoka nao nyumbani, na tukapata pembe tulivu tukasali adhuhuri.

Kwa usafiri, kituo cha treni si cha karibu, bora gari la watu wanne au watano mchangie mafuta. Tiketi nunueni mtandaoni kabla, na mkiweza nendeni siku skuli hazijafunga.

Cha tatu kidogo tu: Pleasure Beach ya Great Yarmouth, upande wa mashariki. Rola kosta yao ya mbao ya 1932 ina mshika breki anayepanda nayo. Mtu, jamani, anakaa kati ya mabehewa na mkono wake uko kwenye wenzo. Kila kilima anakisikiliza kwanza, kisha anavuta au anaachia. Nilimkazia macho mkono wake: mishipa imesimama, kiwiko kimekaza, halafu kabla ya mteremko mkubwa anaachia taratibu kama nahodha anayelegeza kamba ya tanga. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na jioni alivuta mapema kuliko alivyovuta asubuhi.

Msingoje mkisema ipo tu. Kiwanja cha Oakwood, Wales, kilikuwa na rola kosta ya Megafobia, ya mbao, ya 1996. Machi 2025 wakatangaza wanafunga moja kwa moja, na mimi nilikuwa kila mwaka nasema nitakwenda mwakani.

Great Yarmouth tunakwenda Agosti, inshaallah. Mwanangu keshasema kiti cha nyuma ya mshika breki ni chake.