Tiba ya mazungumzo kwa uchovu usioisha: uzoefu wangu

Niseme mapema ili mtu asipoteze nauli: tiba hii haijaniondolea uchovu. Mwili bado ni uleule niliobaki nao baada ya UVIKO-19. Hata hivyo naipa nyota nne kati ya tano.

Mwanasaikolojia niliyempata hapa Dar, kabla hatujagusa ya moyoni, aliomba kuona majibu ya vipimo: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, VVU, kifua kikuu, figo na ini. Cha tezi sikuwa nacho, akanirudisha hospitali kwanza. Hapo akanipata. Uchovu una vyanzo vingi, na mwenye upungufu wa damu anahitaji kutibiwa damu, si maongezi. Akauliza pia kama nakoroma usiku, na kama vitu nilivyokuwa navipenda vimeniishia hamu, maana sonona nayo huchosha mwili kwelikweli. Kwangu hamu ilikuwepo tele, nguvu ndizo hazikuwepo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya daftari. Niandike nimefanya nini, nimelalaje, kesho yake nimeamkaje. Haikuchukua muda tukaona mchezo wote: nikiamka na nafuu nafua, nafagia uwanja, naenda Kariakoo, halafu siku mbili zinazofuata kuchana nywele tu ni mtihani. Akaniambia, "Mama Imani, nguvu zako ni uniti za LUKU. Ukizimalizia kwenye pasi asubuhi, jioni utakaa giza." Tangu hapo nafua kidogo kidogo, napika nimekaa kwenye stuli, na napumzika kabla sijachoka. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, hasa mawifi wakiwa sebuleni.

Maana ukoo ulishatoa hukumu: ama mvivu, ama karogwa. Faida ya pesa yangu niliiona hapa, kwenye kuikabili aibu hiyo. Tulifanya mazoezi ya kujibu kwa adabu bila kujieleza mpaka pumzi zikate. Baba Imani naye aliitwa kwenye kikao, akaelezwa. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia dada zake, "Mwacheni alale, vyombo nitaosha mimi." Wakaguna, lakini vyombo vikaoshwa.

Tahadhari moja. Mshauri wa kwanza niliyemwendea, kwingine kabisa, alidai woga ndio unaonilaza, akanipangia niongeze matembezi kila wiki hata mwili ukikataa. Nilizidiwa vibaya. Kwa ugonjwa wa uchovu sugu, ule ambao ukijitumikisha unakurudishia maumivu baadaye, ushauri huo umepitwa na wakati. Mwongozo wa Oktoba 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema wagonjwa hawa wasipewe programu za kuongeza mazoezi hatua kwa hatua, na tiba ya mazungumzo unaiweka kama msaada wa kuishi na ugonjwa, si ya kuuponya. Ukiahidiwa kupona kwa maongezi tu, aga uondoke.

Nyota niliyokata ni ya bima na ngazi. Kadi yangu haikulipia hata shilingi, na ofisi iko ghorofa ya tatu bila lifti, kwa wateja wenye uchovu! Baadaye tulihamia kwenye simu ya video, nami nimejilaza zangu, bei ileile. Ukipiga kuulizia nafasi, anza kwa kuomba hivyo.