Blanketi la turbo na bandeji ya ekzosi: miezi minane kwenye Cruiser yangu

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza kila nikifungua boneti mbele ya watu. Blanketi la turbo, yaani kifuniko cha kuzuia joto kinachovikwa turbo (ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi), shilingi 185,000. Bandeji ya ekzosi, utepe wa kuzuia joto unaozungushiwa bomba la moshi, roli mbili za mita 15, shilingi 90,000 kila moja. Vyote nilivichukua Kariakoo, mitaa ya Gerezani, kwa kijana aliyeniapia: "Bosi, ukifunga hii gari litasahau kuchemsha." Halikusahau. Lakini pesa zote sikuzitupa.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu lililorefushwa kwa kazi ya utalii, paa la kunyanyuka, injini 1HZ. Wanaoijua wanaijua: lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na kompyuta, na kiwandani Toyota hawakuifunga turbo. Turbo aliifunga mwenye gari wa kwanza, akaniuzia pamoja na joto lake.

Lilikuwa linanisumbua hivi. Mkeka karibu na gia unachoma mpaka mgeni wa mbele anakunja miguu kama yuko msikitini. Betri hazimalizi mwaka. Kubwa kuliko yote ni kupanda kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro: unaanza chini kwenye mita kama 1,700, unatafuta ukingo kwenye 2,300 hivi, wageni sita na maboksi ya chakula nyuma, unatambaa na gia ndogo. Hapo ndipo mshale wa temprecha unapoanza kunyanyuka. Na mshale wa Cruiser ni mwongo mwenye adabu: unakaa katikati umetulia wakati maji yanapanda nyuzi baada ya nyuzi, ukija kuuona umesogea ujue mambo yameshaharibika. Huko juu maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, siyo 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta, unaobana maji yasichemke mapema, springi yake ikichoka utakuumbua mapema kuliko ungekuumbua Dar.

Kabla ya kufunga chochote nilitaka kupima. Nikachukua ile bunduki ya kupimia joto waliyokuwa wanatulenga nayo paji la uso wakati wa korona. Nimeilenga turbo, ikaandika HI, yaani joto limezidi kipimo chake, ikanyamaza. Dogo wa gereji alicheka mpaka akakaa chini. Nikaazima ya kazi kwa fundi wa friji, naye akanifundisha jambo ambalo wengi hawalijui: ukilenga chuma kinachong'aa kinakudanganya, kinaonekana cha baridi kuliko kilivyo. Bandika kipande cha tepu nyeusi, au paka rangi nyeusi isiyong'aa sehemu unayotaka, kisha pima hapo kila mara. Vipimo vyangu nilivichukua juu ukingoni, palepale baada ya kusimama: boneti kwa ndani juu ya turbo nyuzi 96, juu ya betri 68, tangi la juu la rejeta 101.

Sasa kufunga. Blanketi ni rahisi, linavaa kama kofia, linakazwa kwa springi na waya wa stenlesi. Nusu saa. Bandeji ndiyo kazi. Kwenye boksi wameandika uiloweke kwenye maji kwanza ili ilale vizuri, na hilo ni kweli. Kitu ambacho hawakukiandika kwa herufi kubwa ya kutosha ni glavu. Nilifunga kwa mikono mitupu, mikono mifupi ya shati, nimelala chini ya gari. Siku mbili nilijikuna kama niliyepita kwenye upupu, mke wangu akaniambia nilale sebuleni. Nilitaka kuifunga na manifoldi pia, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, fundi wangu akanizuia. "Mzee, hiyo usiivishe. Ikikosa pa kutolea joto itapasuka, halafu utanitafuta mimi." Tukafunga bomba tu, kuanzia kwenye turbo kushuka hadi chini ya sakafu. Roli moja ilitosha.

Siku ya kwanza bandeji inatoa moshi. Siyo kidogo. Tulikuwa tunapandisha kutoka Mto wa Mbu, moshi mweupe unatoka pembeni ya boneti na harufu ya kama plastiki, mama mmoja wa Kijerumani akaniuliza kwa upole sana kama gari linaungua. Basi ukifunga, zunguka nalo siku moja bila wageni.

Baada ya wiki nikapima tena, kilima kilekile, mzigo uleule karibu. Boneti kwa ndani nyuzi 77. Betri 57. Mkeka wa mbele mtu anaweka mguu peku na anaacha. Hapo nampa muuzaji haki yake, vitu vyake vinafanya kazi inayoonekana. Tangi la rejeta: 100. Nyuzi moja tu! Na ndivyo ilivyopaswa kuwa, nikikaa nikafikiri. Bandeji inazuia joto la moshi lisimwagike ndani ya boneti, linaondoka na bomba kwenda nyuma. Maji ya injini yanapata joto lake kwenye silinda, na kwenye silinda hakuna bandeji.

Dawa ya maji niliipata kwa ajali. Asubuhi moja injini ikiwa baridi nilisukuma feni kwa kidole, ikazunguka yenyewe raundi tatu kama pangaboi. Feni ya Cruiser haikufungwa moja kwa moja, ina klachi yenye oili nzito ya silikoni ndani. Oili ikiisha nguvu au ikivuja, feni inateleza, inazunguka lakini haivuti upepo. Barabarani kwenye mwendo wa 80 huwezi kujua, upepo unaingia wenyewe. Kwenye kilima cha kreta unatembea 15 au 20, upepo wote unautegemea kwa feni hiyohiyo. Oili yake inauzwa kwenye vityubu vya mililita 18. Tulifungua klachi, tukafuta vumbi lililogeuka matope, tukajaza. Hapohapo tukaziba kwa sponji pengo lililokuwa kati ya rejeta na fremu yake, maana upepo ni mvivu, ukiona mlango wa pembeni haupiti kwenye rejeta. Na tukapuliza mbegu za nyasi zilizoziba rejeta kwa kompresa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Zilitoka za Tarangire za msimu mzima, na mbung'o wakavu. Gharama zote, pamoja na fundi, hazikufika nusu ya bei ya blanketi.

Tangi la rejeta, ukingoni: nyuzi 90.

Ubaya wake ni kelele. Asubuhi ya baridi Karatu ukiwasha, feni inanguruma kama ndege inataka kuruka kwa dakika moja hivi, halafu inatulia. Mimi nimeizoea.

Kuna jamaa wa kazini aliyenishauri niinue boneti kwa nyuma kwa kuweka washa, vile vipete vya chuma vya kwenye bolti, kwenye bawaba, joto lipate pa kutokea. Nilijaribu wiki mbili. Ukitambaa ni kweli joto linatoka, unaliona likitetemeka mbele ya kioo. Ukikimbia kwenye lami, upepo unabana pale chini ya kioo na kuingia ndani badala ya kutoa, na harufu ya dizeli yote inakuja kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Nimezitoa washa.

Rudi kwenye bandeji, kwa sababu masika imepita na nimeifungua sehemu moja kuangalia. Bomba limeshaanza kuvua magamba ya kutu. Bandeji inanyonya maji ukivuka korongo, na gari likilala siku tatu bila kuwashwa maji yanabaki humo yanakula chuma. Pia nilikuta kiganja kizima cha bandeji kimelowa oili iliyodondoka kutoka kwenye gasketi ya kava la juu. Kitambaa chenye oili juu ya bomba la moto, sihitaji kukueleza. Nimekata kipande hicho na gasketi nimebadilisha siku hiyohiyo. Kama injini yako inavuja, popote, usinunue hii kitu mpaka uzibe kwanza.

Blanketi nalo lina sharti lake: turbo sasa inatunza joto muda mrefu, kwa hiyo nikifika siizimi injini mpaka dakika mbili tatu zipite, oili isije ikaungulia ndani ya turbo. Wageni wanadhani nasikiliza redio.

Blanketi nalipa nyota nne. Bandeji mbili na nusu, na nitaitoa bomba likibadilishwa. Muuzaji nyota tatu, alinipa risiti bila kuombwa. Roli ya pili bado iko kwenye boksi lake chini ya kitanda. Mke wangu ameshauliza mara mbili ni ya nini.