Mihadhara ya Jumamosi Magomeni: nenda kwa ajili ya maswali

Kama unakaa Magomeni, Kigogo, Manzese au popote unapoweza kupanda mwendokasi wa Morogoro Road, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huna harusi wala msiba, nenda kwenye mihadhara ya jioni inayofanyika katika shule ya msingi karibu na kituo cha Usalama. Mimi nauza vitambaa Kariakoo na Jumamosi ndiyo siku yangu ya mauzo, lakini siku ya mhadhara nafunga duka saa tisa ili niwahi kiti cha mbele.

Kiingilio hakuna. Chai ya tangawizi shilingi mia tano, kashata mia mbili, na pesa hiyo wanapewa kina mama wanaopanga viti na kufagia. Kila mwezi mgeni mwingine na mada nyingine kabisa: mwezi mmoja wakili, mwingine fundi wa visima, mwingine mtu wa nyota aliyekuwapo Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete. Anayeendesha ni mwalimu mstaafu wa hapo hapo mtaani, na yeye ndiye aliyeweka utaratibu ninaoupenda kuliko yote: mgeni anapewa nusu saa, maswali yanapewa saa nzima. Nusu saa ikitimia, kengele ya shule inagongwa, awe profesa au fundi bomba.

Mhadhara ninaousimulia kila ninakokwenda ni ule wa mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbuliwa kwenye kilima cha jina hilo huko Lindi. Wengi wetu tulijua tu kwamba kuna mifupa ya mjusi mkubwa ilitoka Lindi ikapelekwa Ujerumani, na habari ikaishia hapo. Mgeni, kijana anayesomea miamba na mifupa ya kale, hakuanza na picha. Alitoa kamba ya katani, akawapa watoto ncha moja, akawaambia watembee nayo barazani. Kamba ikapita darasa zima, ikafika katikati ya darasa la pili ndipo ikakaza. "Hizo ni mita 13 na sentimita 27," akasema. "Msidhani ni kutoka mkiani hadi puani. Ni kwenda juu, kutoka sakafuni mpaka utosini, kama alivyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin." Watoto wakatazama kamba, wakatazama paa la shule, mmoja akauliza shingo ile ilikuwa inakula nini. Majani ya juu ya miti, miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Halafu akahamia kwa watu, na hapo ndipo ukumbi ulipotulia. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini na njaa. Waliochimba kwa majembe na sururu walikuwa wenyeji, mamia kwa mamia. Waliobeba walikuwa wenyeji, mizigo kichwani na mabegani, mwendo wa takribani siku nne mpaka bandari ya Lindi. Akataja jina ambalo nilikuwa sijalisikia maisha yangu yote: Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Nimesoma shule mpaka kidato cha nne na jina hilo hakuna aliyenitajia. Nimelipata kwenye dawati la darasa la tatu, jioni ya Jumamosi, bure.

Kengele ilipogongwa, mzee mmoja wa Lindi alisimama polepole, akasalimia, akauliza waliobeba walilipwa nini. Mgeni akamjibu kwa heshima: "Ujira ulikuwapo, mzee, lakini ulikuwa mdogo, na kodi ya nyumba waliyotoza Wajerumani ilimfanya mtu asiwe na nafasi ya kuchagua." Mzee hakukaa. Akauliza tena, kwa hiyo mali ile ni ya nani? Binti wa kidato cha pili akadakia kwamba mifupa irudi. Kijana wa nyuma akauliza ikirudi itakaa wapi, nani atailipia nyumba ya kuihifadhi, na Lindi itapata nini ikiwekwa Dar. Adhana ya Magharibi ikatukuta hapo, wanaoswali wakatoka, wakarudi, na mjadala ukaendelea pale pale ulipoachwa. Sijawahi kuona mkutano wa Dar watu wakitoka nje kisha wakarudi kukaa.

Mhadhara wa mirathi ulikuwa wa namna nyingine. Kuta za darasa zilijaa wanawake wamesimama, wengine na watoto mgongoni. Wakili alieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi, lakini mahakama ndiyo inayomteua, na kwamba kuteuliwa hakumpi mtu umiliki wa nyumba. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi, kisha kupeleka hesabu mahakamani. Dada mmoja akauliza, na sauti ilikuwa inamtetemeka: shemeji akikaa na barua ya usimamizi miaka na miaka, kodi ya wapangaji anakula yeye, je? Wakili akamwambia taratibu kwamba barua ile haimkingi, kwamba mrithi ana haki ya kurudi mahakama ile ile na kuomba msimamizi atoe hesabu, na mahakama inaweza kumwondoa. Akamwandikia kwenye karatasi aanzie dirisha gani na abebe nini. Niliona kina mama wengine watatu wanne wakiinakili karatasi ile kabla haijakunjwa. Nawaomba waandaaji mada hii irudiwe kila mwaka.

Wa mbu wa dengue nitausema kwa kifupi, ingawa ulinigusa kwa sababu mlipuko wa 2019 uliwalaza wengi mtaani kwetu. Mgeni aliwachukua watoto wakazunguka ua wa shule, wakarudi na tairi kuukuu lenye maji, na ndani viluwiluwi vinacheza. Mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikutoshi, na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi, yakingoja maji tu. Jumapili yake mtaa wetu ulimwaga kila kopo.

Sasa niseme yaliyonikera, maana nayapenda mambo haya na nataka yadumu. Mhandisi aliyekuja kuzungumzia mafuriko ya Bonde la Msimbazi aliweka maandishi ya Kiingereza ukutani, akayasoma mstari kwa mstari. Mbele yake walikuwa watu ambao Desemba 2011 walitoa godoro majini, watu ambao ndugu zao walihamishiwa Mabwepande. Walikaa kimya mpaka kengele. Saa ya maswali ndiyo iliyouokoa mhadhara, mama mmoja alipomwomba azime mashine na achore ubaoni mto unapinda wapi. Akachora, na kumbe anajua kueleza vizuri sana! Waandaaji wawaambie wageni mapema: Kiswahili, ubao, chaki.

Jambo jingine ni salamu za viongozi. Ratiba inasema saa kumi, lakini akialikwa mgeni rasmi tunaanza saa kumi na moja, na dakika zinazoliwa hapo ni za maswali. Akija diwani au mwenyekiti, naye akae asikilize kama sisi. Spika inakoroma, ukikaa nyuma ya nguzo ya tatu unapata nusu ya maneno. Wazungumzaji wanawake ni wachache mno kwa ukumbi ambao zaidi ya nusu yake ni wanawake, na Feri, Kariakoo na Muhimbili wako wengi wenye ya kusema. Tena hakuna anayerekodi. Simu moja ingetosha, na walio kazini jioni ile wangesikiliza kesho yake.

Fika saa tisa na nusu kama una mzee wa kukaa naye mbele, kwa sababu madawati ni ya watoto na viti vyenye mgongo ni vichache. Njoo na mtoto kuanzia darasa la nne, wanaruhusiwa kuuliza na wanajibiwa kama watu wazima. Mwezi ujao ni mikoko ya Kunduchi, na aliyealikwa ni mvuvi wa huko. Swali langu nimeshaliandika: mkoko uliokatwa unachukua miaka mingapi kurudi, na samaki wanarudi nao?