Riwaya za mapenzi za Kikristo: kabla ya kununua, tazama harusi iko ukurasa wa ngapi

Akina dada wa jumuiya yetu huniuliza kama riwaya za mapenzi za Kikristo zinastahili pesa na muda wa mtu mwenye kazi, watoto na mazoezi ya kwaya. Nazungumzia zile zinazoandikwa Marekani na Kanada kwa Kiingereza, ambazo wahusika wake husali, hugombana na Mungu, hupendana, na mlango wa chumbani hufungwa msomaji akiwa nje. Nimezisoma kwa miaka mingi na jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: tazama harusi imewekwa wapi. Kitabu ambacho harusi ndiyo mwisho wake, mara nyingi nakimaliza leo na keshokutwa nimesahau majina. Kile kinachowaozesha wahusika mapema halafu kikawaacha wahangaike humo ndani, hicho hakinitoki.

Sababu naijua. Kwetu harusi ndiyo kilele cha kila kitu. Kamati inakaa miezi, michango inakumbushwa kwenye kundi la WhatsApp, kuna kitchen party, kuna sendoff, kuna ukumbi na MC, na ndafu inaingizwa watu wakiicheza. Baadaye kamati inakutana mara ya mwisho, inavunjwa kwa soda na nyama choma, na wawili wale wanabaki peke yao. Bibi harusi alishafundwa kupika, kunyamaza na kuvumilia. Sijawahi kusikia mtu akimwambia binti afanye nini asubuhi ile atakapoamka akute moyo wake hauna kitu kwa aliyelala pembeni yake. Mazungumzo hayo niliyakuta kwenye riwaya.

Niliyakuta kwanza kwenye Love Comes Softly ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada, kitabu cha mwaka 1979. Wengi huitaja riwaya hiyo kama iliyofungua soko la aina hii ya vitabu, na nikiisoma naelewa kwa nini. Marty ni msichana mjamzito aliyemfuata mumewe kwenda magharibi kwa gari la kukokotwa. Mume anakufa ghafla. Siku ileile ya mazishi, mkulima mjane aitwaye Clark anamwendea na kumwomba amuoe, kwa sababu ana binti mdogo, Missie, anayehitaji mama, na Marty hana pa kwenda. Anamwahidi kwamba majira ya kuchipua yakifika, akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli. Mchungaji yuko jirani, ndoa inafungwa, na hapo kitabu ndiyo kwanza kinaanza.

Clark analala kwenye kibanda kilichoegemezwa nyumba. Marty hajui kupika, anakaanga chapati zilezile za maji mlo baada ya mlo, na mume anakula bila neno. Hakuna anayeimba chini ya mwezi. Kuna kuni, kuku, nguo za mtoto, baridi kali, na mwanamke anayemlilia marehemu huku akimpikia mtu mwingine. Oke anaandika imani ya Clark kwa namna ninayoipenda sana: anasoma Biblia mezani, anasali, anainuka kwenda kazini. Hamhubirii mkewe. Marty anamsikia akizungumza na Mungu kama mtu anayemjua, na polepole anataka kumjua na yeye. Niliposoma sura hizo niliwaza wanawake ninaowafahamu ambao upendo uliwafikia ndani ya ndoa, na hawajawahi kukisoma kisa chao popote.

Udhaifu wake upo. Clark ni mwema mno. Ningefurahi kumwona amechoka au amekosea kwa kiasi cha kuomba msamaha. Na msomaji ambaye Kiingereza chake ni cha shule atasumbuliwa na matamshi ya wakulima wale, kwa maana Oke huyaandika kama yanavyosikika. Vumilia sura mbili tatu za mwanzo, sikio litazoea.

Sasa Redeeming Love ya Francine Rivers. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndicho kitabu ninachoulizwa kuliko vyote, na ndicho kilichonitikisa.

Rivers alikuwa mwandishi wa riwaya za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka mwaka 1986. Baada ya hapo alikaa muda mrefu bila kuandika riwaya, akijifunza Biblia, na kitabu alichorudi nacho, mwaka 1991, kimejengwa juu ya Hosea. Anayeijua sura ya kwanza ya Hosea anakumbuka amri ile ngumu: nabii anaambiwa akamwoe mke wa uzinzi. Na anayeijua sura ya tatu anakumbuka kwamba mke akapotea tena, na Hosea akaenda kumnunua kwa fedha na shayiri. Rivers amekihamishia kisa hicho California ya mwaka 1850, wakati watu walipofurika kutafuta dhahabu. Nabii amekuwa mkulima, Michael Hosea. Gomeri, yule mke wa Hosea, amekuwa Angel, aliyeuzwa ukahabani akiwa mtoto mdogo, na sasa ndiye wa bei ya juu kuliko wote katika danguro la mji wa wachimbaji.

Michael anamwona barabarani na kusikia moyoni kwamba huyu ndiye mke wake. Analipia muda wake usiku baada ya usiku, hamgusi, anamwomba waondoke. Angel anamdharau. Anakubali kuolewa siku ambayo amepigwa karibu kufa, akiwa hana nguvu hata ya kujua amekubali nini. Wapo wasomaji wanaoshikwa na hasira hapo, na mimi nawaunga mkono: idhini ya mtu aliye nusu mfu haitoshi kuwa idhini. Lakini kitabu chenyewe kinalijua hilo. Angel akipona hajioni mke hata kidogo, na anaondoka. Anafuatwa, anarudi, anaondoka tena. Kila mara sababu yake inabadilika, na humo ndimo Rivers alimonyesha uwezo. Mwanzo anakimbia kwa kuwa haamini. Baadaye anakimbia kwa kuwa ameanza kuamini na anaogopa. Mara ya mwisho anakimbia kwa kuwa anampenda: Duke, yule mtu aliyemmiliki tangu utotoni, alikwisha kumharibia kizazi, na Angel anaona Michael anastahili mwanamke atakayemzalia. Amemchagua hata huyo mwanamke, Miriam, binti wa jirani.

Soma sehemu hiyo taratibu. Mwanamke anaiacha nyumba yake ili mume apate watoto kwa mwingine, na anaita huo upendo. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye kikao cha ukoo ambacho mwanamke asiye na mtoto alitazamwa hivyo, mpaka na yeye akaanza kujitazama hivyo? Michael anakataa. Haendi kumtafuta safari hii, anangoja. Angel anakwenda San Francisco, na huko, mbali na mume, ndiko imani yake inakuwa yake mwenyewe. Anaanza kazi ya kuwahifadhi wanawake waliotoka alikotoka yeye. Anayekuja kumtafuta baada ya miaka mitatu ni Paul, shemeji wa Michael aliyemchukia Angel tangu mwanzo, na msamaha wa hao wawili umeniliza kuliko kukutana kwake na Michael.

Ninachokilalamikia ni kurasa za mwishoni kabisa. Baada ya kutufundisha kwa zaidi ya kurasa mia nne kwamba Angel anapendwa alivyo, tumbo likiwa tupu, kitabu kinamjalia watoto. Najua Sara alizaa, Hana alizaa, Elisabeti alizaa. Lakini wako wanawake wanaokaa benchi moja nami kanisani, wameomba, wamefunga, wamepakwa mafuta, na hawajazaa. Kwa kurasa nyingi kitabu kiliwaambia kwamba wao ni wake kamili, kisha mwisho kikaonekana kuwaongezea sharti. Ningekuwa mhariri wake ningeziomba kurasa hizo zitoke. Hata hivyo nakipa kitabu alama ya juu kabisa, kwa sababu sijasoma riwaya nyingine inayomfanya mtu aielewe Hosea kwa mwili wake wote. Filamu yake ya mwaka 2022 nimeitazama. Nguo na milima vizuri, lakini ule muda mrefu wa kungoja haukuingia.

Vile vitabu vingine, vya harusi mwishoni, visidharauliwe vyote. Wachapishaji Harlequin walianzisha mwaka 1997 mfululizo wa Love Inspired, vitabu vyembamba, visafi, hakuna tusi wala kitanda, na mtu aliyechoka anaweza kukimaliza kimoja Jumamosi. Nimevisoma nikiwa namuuguza mgonjwa hospitalini na vilinifaa sana, kwa kuwa nilihitaji kujua kwamba mwisho utakuwa mwema. Tatizo langu liko kwenye ile njama inayorudiwarudiwa. Mmoja ameokoka, mwingine hajaokoka. Paulo ameandika, “Msifungiwe nira pamoja na wasioamini,” kwa hiyo ndoa haiwezekani. Zikibaki kurasa thelathini, yule asiyeamini anapatwa na ajali au mtoto anaumwa, anapiga magoti, na kizuizi kimeondoka. Wokovu umegeuzwa mahari. Dada anayesoma vitabu kumi vya namna hiyo atajifunza kumsubiri kijana apige magoti, na vijana wanaojua kupiga magoti mpaka siku ya pete tumewaona.

Anayetaka kuona jambo hilohilo likiandikwa kwa uzito asome A Voice in the Wind, ya Rivers huyohuyo, ya mwaka 1993. Hadassah ni binti wa Kiyahudi anayemwamini Kristo. Ananusurika maangamizi ya Yerusalemu ya mwaka 70 na kuuzwa utumwani katika nyumba ya tajiri wa Roma. Marcus, mtoto wa nyumba ile, anampenda na anamwomba wafunge ndoa. Fikiria: mtumwa, anaombwa na bwana, naye anampenda. Anakataa, kwa kuwa Marcus hamwamini Mungu wake. Kukataa kwake hakumletei zawadi upesi. Kunampeleka kwenye uwanja wa simba. Marcus naye haokoki kwa urahisi ili apewe mke. Katika kitabu cha pili, kinachoendeleza kisa hicho, anatembea na hasira yake kwa Mungu, akiamini Hadassah amekufa, na imani inapomfikia haimjii kama bei ya ndoa. Hapo mstari wa nira ulinichoma, kwa sababu niliona gharama yake ikilipwa. Kurasa za Roma ni nyingi na karamu zake zinachosha, ila usiziruke, kwa sababu bila hizo huwezi kuona Hadassah alikuwa ananyamaza mbele ya nini.

Upatikanaji: Kwa Kiswahili sijabahatika kuvipata. Maduka ya vitabu ya makanisa hapa kwetu yamejaa vitabu vya maombi, mafundisho ya ndoa na mahubiri. Riwaya ni chache. Nakala zangu nyingi nimezipata kwa wauza vitabu vya mtumba, pale Posta, Dar es Salaam, na huko ukague kurasa za mwisho kabla ya kulipa, maana mara nyingi zimechanika. Nyingine nimenunua kusomea kwenye simu. Faida ya simu ni kwamba unasoma sura za mwanzo bure kabla hujatoa hela, na kwa kigezo changu sura hizo zinatosha kabisa: kama watu hawajaoana na hakuna kingine kinachowasumbua zaidi ya macho ya bluu, naacha.

Kwa anayeanza, ningempa Oke kwanza. Ni kifupi, hakina cha kutisha, na mama mkwe wako akikikuta mezani mnaweza kukijadili. Binti anayejiandaa na kipaimara anaweza kukisoma pia. Redeeming Love simpi binti wa umri huo. Sura za utoto wa Angel zina ukatili juu ya mtoto ambao mtu mzima mwenyewe anaufunga ukurasa na kupumua. Nampa aliyeolewa, na nimewahi kumpa mmoja aliyepitia ya Angel kwa namna yake, lakini nilimwambia kabla nini kimo, na kwamba anaweza kuanzia pale Michael anapoingia bila kupoteza kisa. Alianzia hapo. Amekisoma, hajakirudisha, na sijamdai.