Mkopo wa HELB: uzoefu wangu wa kuisoma fomu kabla ya kutia sahihi

Niliomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, mwaka 2019 nilipopata nafasi TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Siku hizo fomu ilijazwa mtandaoni, kisha unaichapisha na kuizungusha mwenyewe: kwa chifu, kwa wadhamini wawili, kwa wakili apige muhuri, halafu uipeleke.

Mimi nilijaziwa saiba moja karibu na Mwembe Tayari. Kijana aliyenihudumia alikuwa na mikono myepesi, dakika ishirini kazi imekwisha. Akanionyesha kwa kidole: tia sahihi hapa, hapa na hapa. Nikamwambia nitatia nyumbani. Nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu usiku nilipoisoma niliona nambari ya akaunti yangu ya benki imekosewa tarakimu moja, na pesa za kujikimu wakati huo ziliingia humo humo. Karo ndiyo inayopelekwa chuoni moja kwa moja.

Fomu yote ilikuwa Kiingereza. Mamangu hakisomi, na nilitaka awe mdhamini wangu wa kwanza. Basi baada ya Isha tukakaa barazani na Ami, ndugu wa marehemu babangu, nikawasomea kifungu kimoja kimoja kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, Ami akaninyamazisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo ni riba, mwanangu. Ikiwa ndogo, ikiwa kubwa, jina lake ni hilo. Mimi siwezi kuweka sahihi yangu hapo."

Iliniuma, sikatai. Lakini hakunikasirikia wala hakunikataza; aliniambia vitabu vya mwaka wa kwanza atanunua yeye. Na hadi leo namheshimu kwa kuuliza kabla ya kushika kalamu. Mdhamini anaahidi kwamba nikishindwa kulipa, deni litamfuata yeye. Wangapi wanasaini wakidhani ni kama kushuhudia tu?

Mama alitafakari siku mbili, akakubali. Wa pili akawa jirani yetu wa Majengo, mwalimu mstaafu, naye ndiye aliyenifungua macho kwa hesabu. Akachukua daftari akaandika: tuseme unapewa 45,000 kila mwaka kwa miaka minne, hiyo ni 180,000. Asilimia 4 yake ni 7,200 kwa mwaka. Kisha akapiga mstari chini ya faini: 5,000 kwa kila mwezi usiolipa, ukishapitisha mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Miezi kumi na miwili ni 60,000. Faini ya mwaka mmoja inazidi mkopo wa mwaka mzima! Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye riba peke yake, na kumbe kinachomlemea mtu ni kukaa kimya. Ukikosa kazi, usijifiche. Waandikie, waambie hali yako.

Kwa wakili hatukukaa, muhuri ukapigwa. Fomu niliipeleka Huduma Centre ya pale Posta, nikagongewa nakala yangu nikarudi nayo. Nakala hiyo ninayo mpaka leo, na ukiomba mkopo, hakikisha nawe umebaki na yako.

Mkopo wenyewe nausifu. Bila ya huo nisingemaliza muhula wa pili. Kilichonisumbua ni lugha. Makubaliano yanayomfunga mama wa Majengo yangepaswa kuandikwa kwa Kiswahili pia, aisome mwenyewe ahadi anayoitoa.

Sasa nimeajiriwa, mwajiri hunikata kila mwezi. Mwalimu tukikutana njiani huniuliza, "Bado nimo?"

Namwambia, "Umo, Mwalimu. Lakini sijaruka hata mwezi mmoja."