Nilinunua mvi Kariakoo, nikafungashiwa na dharau juu yake

"Dada, mvi haziuzwi, mvi zinasubiriwa."

Hayo ndiyo majibu niliyopewa na kijana wa duka moja la vipodozi Kariakoo, mbele ya wateja wenzangu, mkononi nikiwa nimeshika kikopo cha sprei ya kijivu ya nywele alichoniuzia yeye mwenyewe. Kama mvi haziuzwi, ile Sh 12,000 yangu aliichukulia nini? Watu wakacheka. Na mimi ningecheka kama gauni lililochafuka lingekuwa la mwingine.

Kwaya yetu ilikuwa inaandaa igizo la Krismasi, hii Desemba ya juzijuzi, nami nikapewa Nabii Ana, yule mjane wa hekaluni ambaye Injili ya Luka inamtaja na miaka yake 84. Mimi hata nusu ya hiyo sijafika. Sauti ya kizee ninayo, mgongo najua kuupinda, na mkongojo tuliazima kwa mzee wa kanisa. Kilichobaki ni kichwa. Mwongozaji wetu, mama asiye na mchezo hata kidogo, alishasema hataki kuona poda ya mtoto kwenye igizo lake. Namwelewa. Filamu zetu za Bongo sote tumeziona: babu ana mashavu ya kijana wa chuo, kichwani kamwagiwa poda, akikohoa tu inamdondokea mabegani. Unga wa ngano ndio usiseme. Dar es Salaam, Desemba, kanisa limejaa, feni zinazungusha joto lile lile. Jasho likishakutana na unga huko kichwani unashuka jukwaani na donge la chapati.

Kwa hiyo sprei ya rangi. Ile ya kupuliza, inakaa juu ya unywele bila kuingia ndani, ukiosha inaondoka. Ndivyo nilivyoambiwa dukani. "Unapuliza tu, dada, ukiosha mara moja imeisha." Maneno yake yote yalikuwa hayo, kisha akapokea hela na kurudi kwenye simu yake.

Na kabla hamjaniambia ningejaribu kwanza: nilijaribu. Nyumbani, usiku, fungu dogo la nywele nyuma ya sikio. Ikashika, ikakauka, nikalala nimeridhika.

Siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa kila kitu, ndipo kikopo kilipoonyesha rangi yake. Nikabonyeza, ikatoka hewa. Nikabonyeza tena, hewa na harufu ya spiriti. Nikakaza kidole, ikatema. Sisemi ikapuliza, nasema ikatema: donge zito la kijivu likatua juu ya panja la kushoto, likatulia hapo kidogo, halafu likaanza safari. Likapita pembeni ya jicho, likafuata shavu, likaning'inia kidevuni, na lilipochoka kuning'inia likadondokea kola ya gauni jeupe la kuazima. Upande wa kulia nywele zilikuwa bado nyeusi tii. Mtoto mmoja wa kundi la malaika, mabawa yake ya karatasi yamepinda, akanikagua kwa makini kisha akauliza, "Shangazi, unavuja?"

Na malaika hao wanabeba mishumaa! Nilipokigeuza kikopo nione kimeandikwa nini, kumbe maandishi yote ni Kichina. Kitu kimoja tu nilikielewa, ile alama ya mwali wa moto. Makopo mengi ya namna hii husukuma rangi yake kwa butani na propeni, ndugu wa damu wa gesi ya mtungi tunayopikia. Yaani mtu anakuuzia kitu cha namna hiyo ukakipulize kichwani na hana hata neno moja la kusema, dada, ukiwa unapuliza kaa mbali na moto.

Nikarudi dukani. Nilikwenda na adabu zangu zote, nikamsalimia vizuri.

"Habari za kazi, kaka. Hii sprei uliyoniuzia haipulizi, inatema."

Macho hayakutoka kwenye simu. "Ukishafungua ni yako."

"Sitaki hela yangu, naomba unibadilishie tu. Nina igizo, najigeuza bibi kizee."

"Umeitumiaje?"

"Nimepuliza. Si uliniambia napuliza tu?"

Hapo ndipo aliponitazama, kuanzia kichwani kulikobaki na doa la kijivu mpaka kwenye kandambili, akaitoa ile ya mvi kusubiriwa. Jirani yake wa duka la mawigi akaongezea, "Au anataka pensheni mapema." Wakagongeana mikono.

Hayo ningeyameza. Kariakoo ni Kariakoo, usipotaniwa utasukumwa. Kilichonichoma roho kilifuata. Aliingia kaka mmoja na kofia yake, anatafuta rangi hiyo hiyo, wanarekodi video na anataka ndevu za kizee. Loo! Kijana akawa mtu mwingine kabisa. Simu chini. "Karibu bosi." Akachukua kikopo, akakitikisa. "Unaisikia hiyo gololi inavyogonga humo ndani, bosi? Usipoisikia usipulize kwanza. Kaa mbali nacho, kama urefu wa mkono hivi. Nywele zisiwe na mafuta, haitashika. Na ukimaliza, kigeuze kichwa chini miguu juu, bonyeza mpaka itoke hewa tupu, la sivyo rangi inagandia kwenye tundu, kesho kinaziba."

Kinaziba! Nilisimama pale nimeduwaa. Kumbe anajua. Anajua kila kitu. Anajua kwa nini kikopo changu kilitema: baada ya jaribio la usiku ule rangi iligandia kwenye tundu, na sentensi moja tu kutoka kinywani mwake ingeniokolea gauni la watu. Elimu yote anayo pale nyuma ya kaunta, ila anaigawa kwa mabosi. Mwanamke mwenye mkoba na kandambili anaambiwa "unapuliza tu". Mwaka 1795 huko Uingereza serikali iliwatoza kodi waliokuwa wakijipaka poda kwenye nywele, gini moja, sarafu yao ya enzi hizo, kwa mwaka, lakini wale angalau walipewa cheti. Mimi nimelipa kodi yangu Kariakoo nikapewa kicheko.

Nikatoka pale nikiapa nyota sifuri, na kwamba nitaandika mtaa, rangi ya mlango na jina lililo juu ya mlango. Nimeshauriwa niache. Naacha.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu aliyesomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, pale chuo cha TaSUBa. Alikuja na mswaki wa zamani. Kikopo chenyewe hakukitupa. Alikichomoa kile kidude cha kubonyezea, akakiloweka kwenye maji ya moto, akatoboa tundu kwa sindano, akakirudisha. Kisha, na hili ndilo mtu yeyote anayetaka mvi za siku moja alijue, hakunipulizia kichwani hata tone. Alipulizia ndani ya kifuniko cha kikopo, akachovya ncha za mswaki, akaukung'uta kwenye gazeti mpaka ukabaki na unyevu tu, ndipo akaanza kuupitisha juu ya nywele, kidogo kidogo, kutoka panjani kwenda nyuma.

Huku anafanya ananisomesha. Kijivu tunachokiona kwenye vichwa vingi vya wazee wetu ni nywele nyeupe na nyeusi zimechanganyika; jicho ndilo linalozikoroga pamoja. Ukipuliza kichwa kizima rangi moja unafanana na sufuria mpya. Kwa hiyo unaacha nyeusi nyingi, unagusa ncha, unazidisha pembeni ya uso ambako kwa wengi mvi huonekana mapema, na nyusi unazipitishia pumzi tu ya mswaki. Nabii Ana anavaa ushungi, kinachoonekana ni ukingo wa mbele na panja mbili. Kikopo kizima cha nini? Alitumia rangi isiyojaa kijiko. Nywele zangu ni za asili, zile za kujikunja hasa, na kwangu ilikuwa bahati, kwa sababu mswaki unashika vilele vya mikunjo na kuacha mabonde meusi. Nilipojitazama kwenye kioo nikatazama tena.

Sasa nitasema ukweli hata kama unaniuma. Siku ya igizo sprei ile ilinipendezesha, au tuseme ilinizeesha, kuliko nilivyotegemea. Jasho lilitoka, rangi haikutoka. Mama yangu mzazi alikaa safu ya mbele. Ibada ilipokwisha akanifuata, akanishika kidevu, akaniambia nimefanana na bibi mzaa baba mpaka alitaka kuniamkia. Mwongozaji asiye na mchezo aligusa panja langu kwa kidole, akakitazama kidole, hakuona kitu, akaondoka bila neno. Kwa yule mama hiyo ni tuzo.

Kisha maji ya kanisani yakawa yamekatika, nikalazimika kwenda nyumbani na mvi zangu. Nikapanda basi la mwendokasi la Kimara. Jamani! Pale Magomeni kijana wa chuo, begi mgongoni, akanyanyuka kwenye kiti: "Shikamoo bibi, kaa hapa." Marahaba mjukuu wangu. Kwa umri wangu halisi, kupata kiti jioni njia ile ni ndoto ya mchana. Nikakaa mpaka mwisho wa safari, mgongo nimeuongeza kupinda, na kuna mama mmoja, naapa ni mkubwa kwangu, aliyeniinamia akanisalimia kwa heshima zote. Dhambi hiyo naijua, nikaitikia. Ungeniuliza saa ile ningekuambia kanunue makopo mawili, na yule kijana wa duka mpe na chenji.

Halafu nikafika nyumbani kuosha.

"Ukiosha mara moja imeisha." Nani kasema? Shampuu ya kwanza, maji yakawa ya kijivu, nikafurahi. Ya pili, maji bado ya kijivu na nywele zimegandana, zimekakamaa. Kinachoishikisha hiyo rangi ni gundi, na gundi kwenye nywele za kujikunja inaunganisha kila unywele na jirani yake. Chanuo likagoma kupita. Nikalazimisha, likanitolea vifundo vya nywele zangu nilizozilea kwa miaka, niliviona vimekaa kwenye meno ya chanuo, vyeusi huku, vya kijivu kule, nikakaa kwenye kigoda cha bafuni nikamkumbuka kijana wa watu kwa maneno ambayo mwanakwaya hatakiwi kuyajua. Asubuhi foronya ina ramani. Kazini nikaenda na kilemba, panja likachungulia, mhasibu akaniambia kwa huruma, "Pole na majukumu, mdogo wangu, dunia imekuwa ngumu."

Iliyomaliza kazi ni mafuta ya nazi. Nilipaka mengi, nikafunga kichwa usiku kucha, kesho yake nikaosha, na rangi ikaachia yenyewe, chanuo likapita. Mafuta yale yale yanayoizuia isishike ndiyo yanayoibandua. Na hilo nalo, nina hakika, kijana analijua, na yule kaka wa video aliambiwa nikishatoka.

Kwa hiyo mkiniuliza inafaa au haifai, sijui niwajibu kwa hasira au kwa kiti cha mwendokasi. Rangi ni nzuri. Kikopo ni kibovu. Kikopo ni kizuri ukikitumia kama kidau cha wino tu. Kwa Sh 12,000 kingetakiwa kije na mswaki, maelezo ya Kiswahili na mtu wa kukusalimia. Nyota moja kwa duka, hiyo nayo kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kwa rangi natoa nne. Lakini nikilikumbuka lile chanuo narudi kwenye mbili, na nikimkumbuka mama akinishika kidevu napanda tena.

Gauni la kuazima limekwenda kwa dobi, na kola imerudi na kivuli. Mwenye gauni amesema si kitu. Kwa sauti ile, ni kitu.

Mwenyekiti wa kwaya ameshaanza kuulizia tulikozipata mvi zile, maana wanaume wanataka igizo lao la Ibrahimu na hakuna hata mmoja mwenye ndevu za kuaminika. Nimemwelekeza mtaa, nikamwambia lile duka alipite. Tatizo ni kwamba mtaa mzima sijaona kwingine wanakouza rangi hiyo. Akiingia pale pale, basi avae koti, aitwe bosi, asitoe hela mpaka apuliziwe kwenye karatasi mbele ya macho yake, na kifuniko asikitupe.