Intex Explorer K2 kwa mito ya Kigoma: boti inafaa, makasia badilisha

Kuteremka na mto ni rahisi. Kazi ni kurudi. Mtumbwi wa kuchonga ukishaushusha kilomita nane, ama uurudishe kwa pondo ukipambana na mkondo, ama utafute gari la kuubeba. Hapo ndipo Explorer K2, kayaki ya kujaza upepo, inapojipatia maksi nyingi. Ina uzito wa kama kilo 14, ikitolewa upepo inakunjwa na kuingia kwenye begi, na begi linafungwa nyuma ya bodaboda. Anayetoka Tabora anapanda nayo treni hadi Kigoma kama mzigo wa kawaida.

Kiwanda kinasema ni ya watu wawili, urefu sentimita 312, upana 91, na uwezo wa kubeba kilo 180. Hiyo 180 usiifikie. Watu wawili wa kilo 70 tayari ni 140. Ongeza maji ya kunywa lita 10, chakula, pampu na jaketi okozi mbili, boti inakaa chini sana majini, inakata kona kwa uvivu na kila kiwimbi kinamwaga maji ndani. Panga safari kwa kilo 150, kila kitu kikiwemo. Kama abiria wote wawili wana miili, afadhali mmoja apande boti nyingine kuliko kubishana na maji.

Kujaza upepo ndiko kunakoamua boti itaishi miaka mingapi. Tandika turubai kwanza, maana matete yakishakatwa huacha visiki vikali ukingoni, na miiba haikosekani. Fuata namba zilizoandikwa kwenye vyumba vya upepo, usianze unapopenda. Pampu ya mkono inayokuja na boti inatosha, na hilo ni jambo jema, kwa sababu pampu ya gari inaweza kuipasua kabla hujashtuka. Sakafu iangalie zaidi. Ndani yake kuna mikanda inayoshikanisha tabaka la juu na la chini. Ukizidisha upepo mkanda mmoja unaachia, sakafu inaota kibyongo, na ugonjwa huo hauna kiraka. Bonyeza kwa dole gumba: lididimie kidogo. Ikiwa imekaza kama ngoma, punguza.

Kisha iweke majini dakika kumi kabla ya kupanda. Maji yanapoza upepo uliomo ndani na boti inalegea, kwa hiyo ongeza kidogo. Mchana inakuwa kinyume chake. Ukiivuta nchi kavu saa saba, jua linapasha upepo, unatanuka, na mishono ndiyo inayolipa. Legeza vali kabla hujafungua chakula.

Makasia ndiyo doa kubwa la bidhaa hii. Ni ya alumini, yanaungwa vipande, na bapa zake za plastiki zinapinda ukivuta kwa nguvu, hivyo nusu ya jasho lako inaishia hewani. Mchanga ukiingia kwenye maungio yanaanza kucheza. Kwa maji yaliyotulia yatakupeleka, lakini mkondo ukikusukumia kwenye mti ulioanguka utataka kitu cha kuaminika mkononi. Mwombe fundi wa mitumbwi kwenye mwalo ulio karibu nawe akuchongee makasia mawili mafupi ya mbao, ayapige msasa hadi pembe ziwe laini, halafu zungushia sehemu inayogusa ubavu wa boti kipande cha tyubu ya baiskeli. Wa nyuma anaongoza, wa mbele anavuta tu.

Pezi la chini linasaidia boti isizunguke hovyo, ila kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mafungu ya mchanga hujitokeza na pezi hukwama. Palipo na maji ya chini ya goti, lichomoe.

Sasa mto wenyewe. Usipange kuteremka Malagarasi kutoka Uvinza hadi Ilagala. Katikati kuna maporomoko ya Igamba, na boti hii haikutengenezwa kwa maji ya kasi. Kipande cha kufikiria ni cha chini, upande wa Ilagala ambako mto umetulia, na hata huko nenda na mtumbwi wa mwenyeji ukitangulia mbele. Huyo ndiye anayejua viboko wamelala kidimbwi kipi wiki hii. Wavuvi wakikwambia hawapiti mahali fulani, nawe hupiti. Kipindi cha mvua nyingi, hasa Machi na Aprili, achana na mto kabisa. Unafurika na kubeba magogo.

Muda usiukadirie kwa macho. Pima mita 50 ukingoni, kama hatua 50 ndefu, tupa kijiti majini, hesabu sekunde. Kikichukua sekunde 100 kupita mita 50, mkondo unakwenda kilomita 1.8 kwa saa. Ukiongeza kupiga kasia taratibu unapata kilomita tatu hadi nne. Kilomita nane basi ni saa mbili hadi tatu bila mapumziko. Anza saa mbili asubuhi, viboko wakiwa wamesharudi majini kutoka malishoni, na uwe umetoka saa kumi jioni. Pita pembeni penye kina kifupi, kwa kuwa mchana kiboko hukaa kwenye kina, na gonga boti mara kwa mara akusikie. Usijiweke kati yake na maji marefu. Mikono na miguu ibaki ndani kwa sababu ya mamba. Vyumba vya upepo kuwa kadhaa kunasaidia kwa mwiba. Kwa meno ya mamba, usivitegemee.

Kwenye Ziwa Tanganyika lenyewe boti hii ni ya asubuhi tu. Inaelea juu juu, upepo unaikamata, na upepo wa kusini wa kiangazi unaweza kukushinda ukiwa mita 200 tu kutoka ufukweni. Rangi yake ya njano, angalau, inaonekana kwa mbali. Nguo zako pia ziwe za rangi hafifu, kwani kwenye miombo ya Uvinza mbung'o hupenda bluu na nyeusi.

Pancha usimpelekee fundi baiskeli. Gundi yake ni ya mpira, haishiki kwenye plastiki laini, na ile ya mabomba inakauka ngumu na kupasuka boti ikikunjwa. Beba gundi maalumu ya PVC laini. Tafuta tundu kwa povu la sabuni, toa upepo wote, safisha kwa spiriti, paka gundi pande zote mbili, gandamiza kwa jiwe bapa, acha usiku kucha. Ndiyo maana pancha ya katikati ya safari inamaliza safari ya siku hiyo, na mtumbwi wa mwenyeji unakuwa ndio usafiri wako wa kurudi.

Nyumbani isuuze mchanga, ianike kivulini hadi mishono ikauke, kisha ining'inize kwenye kenchi. Ikilazwa sakafuni panya wataitoboa kabla ya safari ya pili.